Makaa ya Lamu Yangetoka Wapi?

Lundo la makaa ya mawe likianza kuungua lenyewe, moto hauonekani. Kinachoonekana, tena alfajiri tu kabla jua halijapanda, ni mvuke mwembamba unaofuka ubavuni mwa lundo, na kinachonuka ni harufu ya lami iliyochanganyika na mafuta ya taa. Harufu hiyo niliijua nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilipoajiriwa kwanza kama kibarua na baadaye kama fundi msaidizi katika uwanja wa makaa wa kiwanda kimoja cha saruji hapa Pwani ya Kenya. Viwanda vya saruji huchoma makaa ya mawe ili kupata joto la tanuru, na makaa yetu yalikuja kwa meli kutoka Afrika Kusini, yakashushwa Mombasa, yakapakiwa kwenye malori na kumwagwa mbele yetu.

Asubuhi moja ya masika niliuona mvuke huo kwa mara ya kwanza, nikamkimbilia msimamizi wetu huku nikiburura mpira wa maji. Alikuwa mzee wa kutoka Kaloleni, mtu wa maneno machache, na alinizuia kwa kuninyoshea kiganja tu. "Usimwagie maji, kijana. Maji hayafiki kulikoungua, yatachimba njia ya hewa tu." Akamwita dereva wa buldoza, wakaifukua sehemu ile taratibu, na ndani ya lundo nikaona makaa mekundu kabisa, kama ya jiko la mchoma mishikaki. Waliyatandaza chini yapoe, kisha wakayashindilia upya kwa uzito wa buldoza, kwa sababu adui wa lundo la makaa ni hewa iliyonaswa katikati ya vipande: makaa huvuta oksijeni polepole, yakapata joto, joto likakosa pa kutokea, na baada ya siku kadhaa moto ukajiwasha bila kiberiti. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ikawa kuchomoa nondo tulizozichomeka usiku ndani ya lundo na kuzigusa kwa nyuma ya mkono. Nondo ikiwa ya moto kuliko zenzake, hapo ndipo pa kuchimba.

Naanza na habari hii ya zamani kwa sababu ndiyo iliyonifanya niutazame mradi wa mtambo wa umeme wa Lamu kwa jicho tofauti na la watu wengi niliozungumza nao. Mjadala wa Lamu ulikuwa zaidi juu ya moshi, na moshi ulistahili kujadiliwa. Lakini mimi niliyetumikia lundo la makaa kwa miaka minne nilikuwa na swali jingine, ambalo nililiuliza tangu mwanzo na naendelea kuamini kwamba lilistahili kutangulia mengine yote: makaa yenyewe yangetoka wapi, yangefikaje, na yangegharimu kiasi gani mwaka wa kumi na mwaka wa ishirini?

Kwa asiyekumbuka, mradi ulizaliwa katika mpango wa serikali uliotangazwa mwaka 2013 wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme katika kipindi cha miezi arobaini. Mwaka 2014 zabuni ya mtambo wa makaa ilishindwa na muungano wa kampuni za Centum na Gulf Energy, ambao uliunda kampuni ya Amu Power. Mtambo ulipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, kando ya Ghuba ya Manda, kaskazini mwa Mji wa Kale wa Lamu ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ungekuwa na uwezo wa megawati 1,050, gharama ya ujenzi ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2, na dohani yake ingesimama mita 210 kutoka ardhini. Bei iliyotangazwa ya umeme wake ilikuwa senti 7.52 za dola kwa kila uniti, na bei hiyo ndiyo iliyowavutia wengi, maana ilionekana nafuu sana ikilinganishwa na umeme wa dizeli tuliokuwa tukiulipia.

Mtambo wa makaa, ukiuondolea majina yake makubwa, ni jiko la kuchemshia maji. Makaa husagwa katika vinu mpaka yawe unga laini kama poda ya mtoto, unga hupulizwa ndani ya boila pamoja na hewa ukaungua papo hapo, maji yaliyomo ndani ya mabomba ya boila yakageuka mvuke wenye joto na shinikizo kubwa, mvuke ukazungusha turbini, turbini ikazungusha jenereta, kisha mvuke ukapozwa kwa maji ya bahari ili urudi kuwa maji na kuanza safari upya. Katika mzunguko huo wote, zaidi ya nusu ya joto hupotea. Mtambo ukiweza kugeuza asilimia 40 ya joto la makaa kuwa umeme, mafundi wake wana haki ya kujisifu.

Hesabu inayofuata niliifanya kwa mara ya kwanza nyuma ya kalenda ya ukutani, na kila mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuirudia. Megawati 1,050 za umeme, kwa ufanisi wa asilimia 40, zinahitaji megawati 2,625 za joto. Kilo moja ya makaa mazuri ya Afrika Kusini, yale yanayouzwa kwa kipimo cha kilokalori 6,000 kwa kilo, hutoa joto la takribani megajuli 25. Gawanya, na utaona kwamba boila za Kwasasi zingemeza kilo 105 za makaa kila sekunde, yaani zaidi ya gunia moja kubwa kwa kila mpigo wa moyo. Kwa siku nzima ni tani 9,000 na ushee. Kwa mwaka, mtambo ukifanya kazi bila kupumzika, ni zaidi ya tani milioni tatu.

Nilipokwenda Lamu wakati mjadala umepamba moto, niliketi ufuoni na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona jarife lake chini ya kivuli cha mwembe. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanisogezea ubao nikae. Alikuwa amekwenda kwenye mikutano miwili ya mradi na alisema, kwa upole kabisa, kwamba waliambiwa mengi kuhusu ajira na machache kuhusu bahari. Nilipomwambia kwamba nimewahi kufanya kazi na makaa ya mawe, aliuacha uzi akanitazama. "Hebu niambie wewe, mwanangu. Hayo makaa ni mengi kiasi gani?" Nikamwambia tani 9,000 kwa siku, na nikaona usoni pake kwamba tarakimu hiyo haikumwambia kitu. Basi nikamuuliza jahazi linalobeba boriti za mikoko hubeba tani ngapi. Akasema yapo ya kila namna, lakini tuseme hamsini. Nikaandika mchangani kwa kijiti: majahazi mia na themanini kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwamo. Aliitazama ile tarakimu kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulisikia katika mkutano wowote: "Na yakikatika?"

Nilimjibu kwa kadiri nilivyojua. Makaa hayangekuja kwa majahazi bali kwa meli kubwa za shehena kavu, tuseme za tani 60,000, na kila meli ingetosha siku sita au saba tu. Kwa hiyo kila wiki, katika kusi na katika kaskazi, meli moja ingepaswa kuingia katika ghuba ile ile anayotegea nyavu zake, ishushe na kuondoka kabla ya nyingine kufika. Na kwa sababu meli huchelewa, mtambo ungelazimika kuweka akiba. Akiba ya siku thelathini ni tani 270,000. Lundo la ukubwa huo, likipandishwa hadi urefu wa mita kumi, linafunika eneo la viwanja vinne vya mpira wa miguu. Sisi kiwandani lundo letu lilikuwa mtoto mdogo mbele ya hilo, na bado lilitukosesha usingizi: masika likilowa makaa yalinata ndani ya faneli za chuma hata tukawa tunazigonga kwa nyundo zamu nzima ili belti isikae tupu, na kiangazi vumbi lake jeusi lilifika kwenye nguo za watu zilizoanikwa ng'ambo ya barabara. Kwasasi ikiwa kaskazini mwa mji, pepo za kaskazi zingelichukua vumbi hilo na kulielekeza upande wa visiwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi.

Sasa tuyafuate hayo makaa hadi kwao. Mpango wa awali ulikuwa kuyaagiza kutoka Afrika Kusini. Huko huchimbwa hasa katika jimbo la Mpumalanga, bara kabisa, yakapakiwa kwenye treni ndefu zinazoshuka hadi bandari ya Richards Bay katika Bahari ya Hindi, ambako gati la makaa lilifunguliwa mwaka 1976. Kutoka hapo hadi Lamu ni safari ya bahari ya zaidi ya kilomita 3,000. Kwa maneno mengine, taa ya mwanafunzi wa Mpeketoni au Witu ingetegemea mgodi wa Mpumalanga, reli ya Afrika Kusini, zamu ya kupakia Richards Bay, bei ya kukodi meli, na hali ya bahari katika Mlango wa Msumbiji, vyote vikienda sawa kwa wakati mmoja, wiki baada ya wiki, kwa miaka ishirini na mitano. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa nduguye mwenyewe alikuwa mbali.

Reli hiyo ndiyo iliyotoa jibu la swali la mzee. Mwaka 2017 gati la Richards Bay lilisafirisha zaidi ya tani milioni 76 za makaa. Mwaka 2023 lilisafirisha tani milioni 47 tu, ingawa makaa yalikuwapo migodini na wanunuzi walikuwapo sokoni, kwa sababu vichwa vya treni vilikuwa pungufu na nyaya za reli ziliibwa mara kwa mara. Mtambo wa Lamu ulikusudiwa kuanza kazi kabla ya hapo. Ungekuwa unachukua nafasi yake katika foleni hiyo, mteja mdogo mbele ya wanunuzi wa India na Ulaya, huku malipo yake kwa wawekezaji yakiendelea kuhesabiwa kila siku.

Hata Afrika Kusini yenyewe, inayoketi juu ya makaa na iliyojenga mitambo mingi karibu na migodi, imeonja taabu hii. Januari 2008 nchi iliingia gizani kwa zamu za kukata umeme, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni akiba ya makaa iliyopungua mno mitamboni pamoja na mvua zilizoyalowesha makaa yaliyobaki yakashindwa kusagwa. Tarehe 1 Novemba 2014, ghala refu la zege la kuhifadhia makaa katika mtambo wa Majuba lilipasuka na kuanguka, na uzalishaji wa mtambo huo, ambao ni miongoni mwa mikubwa nchini humo, ukaporomoka ndani ya saa chache. Boila hazikuharibika, turbini hazikuharibika, makaa yalikuwapo uwanjani. Kilichovunjika ni njia ya kuyafikisha makaa kwenye boila, na hilo lilitosha. Ilibidi malori na vilishio vya dharura viletwe ili mtambo upate kula.

Picha za ghala lile lililopasuka nilizitazama kwa muda mrefu siku hiyo, nikimkumbuka mzee wa Kaloleni. Yeye alikuwa akisema kwamba fundi wa boila huajiriwa na mwenye kiwanda, lakini mwenye kiwanda huajiriwa na makaa.

Katika yote haya jambo zito kuliko mengine ni bei. Mtambo wa upepo au wa mvuke wa ardhini hugharimu sana kujenga, lakini ukishajengwa hakuna anayeuletea bili ya upepo. Mtambo wa makaa hununua chakula chake kila siku katika soko la dunia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozorotesha viwanda, bei ya makaa katika soko la Newcastle nchini Australia, linalotumiwa kama kipimo, ilishuka hadi karibu dola 50 kwa tani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei hiyo ikavuka dola 400. Rudi kwenye tani zetu 9,000. Kwa bei ya 2020, chakula cha siku moja cha Kwasasi ni dola 450,000, na ukigawa kwa uniti milioni 25.2 ambazo mtambo ungezalisha siku hiyo, unapata chini ya senti mbili za dola kwa uniti. Kwa bei ya 2022, chakula cha siku hiyo hiyo ni dola milioni 3.6, yaani zaidi ya senti kumi na nne kwa uniti, kabla hujalipa mkopo wa ujenzi, wafanyakazi, wala senti moja ya faida. Ile bei ya senti 7.52 iliyotuvutia sote ingetosha kununua nusu tu na ushee ya makaa hayo, sembuse kuendesha mtambo.

Wapo watakaosema kwamba hatari hiyo ilikuwa ya mwekezaji. Natamani ingekuwa hivyo. Kila Mkenya anayelipia umeme anaujua ule mstari wa gharama ya mafuta unaopanda na kushuka kila mwezi: mitambo inayochoma mafuta hupitisha bei yake kwa mnunuzi wa umeme, na mnunuzi huipitisha kwa mama anayeuza maandazi mwenye friji moja na taa mbili. Mikataba ya mitambo ya aina hii pia humtaka mnunuzi alipie uwezo wa mtambo, ukizalisha au usizalishe. Na mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya hayakuwa yamefika hata megawati 2,000, huku usiku wa manane yakishuka sana, ilhali mvuke wa ardhini wa Olkaria ulikuwa unaendelea kuongezwa na upepo wa Turkana, megawati 310, ulikuwa umekwisha kuunganishwa na gridi. Megawati 1,050 zingekosa pa kwenda saa nyingi za usiku. Tungelipia mtambo uliolala, au tungeuachia hewani mvuke wetu wenyewe ili tuchome makaa ya jirani.

Watetezi wa mradi walikuwa na jibu, nami sitaki kulipuuza, kwa sababu wengi wao walikuwa vijana wa Lamu na wa Kitui waliotaka kazi, na kutaka kazi si kosa. Walisema makaa ya nje ni ya muda tu, na kwamba baadaye yangetoka Bonde la Mui katika Kaunti ya Kitui. Makaa ya Mui yapo kweli. Uchimbaji wa utafiti uliyathibitisha, bonde likagawanywa katika vitalu vinne, na kitalu C peke yake kilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. Kwa Kwasasi, hizo ni hesabu za zaidi ya karne moja. Lakini hakuna mgodi uliofunguliwa Mui, na hakuna reli kutoka Mui hadi Lamu. Yakipakiwa kwenye malori ya tani 30, tani 9,000 ni malori 300 kwa siku, nayo hurudi matupu, kwa hiyo mtu aliyesimama kando ya barabara Garissa au Hola angepitwa na lori moja la makaa kila baada ya dakika mbili na nusu, mchana na usiku, katika njia ambayo mvua za El Niño hukata kwa wiki kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo asiyewahi kulisha tanuru hulisahau. Makaa si makaa tu. Boila huchorwa kwa ajili ya makaa ya namna fulani: joto lake, majivu yake, salfa yake, unyevu wake, na hata namna majivu yake yanavyoyeyuka. Kiwandani kwetu iliwahi kuletwa shehena ya bei nafuu ambayo majivu yake yalikuwa mengi kuliko tuliyozoea, na kwa muda wa wiki tatu tanuru lilitutesa, likijenga ukoko mgumu ndani ambao tuliubomoa kwa vyuma virefu huku jasho likituingia machoni. Hiyo ilikuwa shehena moja katika tanuru moja. Kujenga boila kwa makaa ya Mpumalanga kisha baada ya miaka michache kuyabadilisha kwa makaa ya Mui si sawa na kubadilisha mtungi wa gesi. Aliyeahidi hilo alipaswa kuweka mezani karatasi za maabara za makaa yote mawili na kuonyesha kwamba boila moja ingeyala yote.

Dunia ina mitambo midogo na ya kati iliyofuata njia iliyo wazi zaidi, ya kujengwa mlangoni mwa mgodi. Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, palijengwa mtambo wa megawati 6 mgodini penyewe. Maamba, kusini mwa Zambia, mtambo wa megawati 300 ulioanza kazi mwaka 2016 uliundwa makusudi kuchoma makaa ya daraja la chini yaliyokuwa yakiachwa kando ya mgodi. Sisemi kwamba mitambo hiyo haina moshi wala majivu. Ninasema tu kwamba waliojenga walianza na makaa, wakaja kwenye boila. Lamu palianzwa na boila na dohani, makaa yakatafutwa baadaye. Na hata makaa ya Tanzania, ambayo ni ya karibu kuliko ya Afrika Kusini, yalithibitisha mwaka 2022 kwamba hayamsubiri mtu: bei ilipopanda, malori yaliyatoa Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, yakapakiwa melini kwenda kwa wanunuzi wa mbali waliolipa zaidi.

Majivu nayo nimeyataja kidogo, ingawa yangestahili makala yao. Makaa yenye asilimia 15 ya majivu yangeacha Kwasasi tani 1,350 kila siku, zenye zebaki na arseniki ndani yake, kwenye shimo lililo karibu na mikoko. Makaa huja kwa meli, lakini majivu hayarudi nayo.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya mradi Septemba 2016. Wakazi waliojikusanya chini ya jina la Save Lamu walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo, likisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba tathmini haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Baada ya hapo wafadhili wakaanza kuondoka mmoja mmoja: Benki ya Maendeleo ya Afrika Novemba 2019, benki ya ICBC ya China mwaka uliofuata, na Septemba 2021 Rais Xi Jinping akatangaza katika Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikakubaliana na jopo.

Siku ya hukumu nilimpigia simu kijana wa yule mzee mvuvi, ambaye namba yake nilikuwa nimeihifadhi miaka yote hiyo. Alikuwa amekwisha kusikia. Alimpa baba yake simu, nikamsikia akikohoa, kisha nikamwamkia na kumweleza nilivyoielewa hukumu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza, "Na yale majahazi mia na themanini?"

"Hayaji, baba."

"Haya," akasema. Akaniuliza hali ya mama yangu, akaniambia kwamba kusi inamalizika na kamba wameanza kuonekana, akamrudishia mwanawe simu.